Namna Mguu Wangu wa Kushoto Ulivyoponea Kisu

Ninawaandikia hasa ninyi wachezaji mnaoficha maumivu ili msiondolewe kwenye timu. Mimi ni fundi wa umeme mwenye diploma. Niliipata ng'ambo ya mpaka, nikarudi nayo, na nyumba ya matofali ninayokaa nimeijenga mwenyewe. Lakini kabla ya hayo yote nilikuwa winga wa kushoto, na mguu huo wa kushoto nusura ukatwe.

Nilizaliwa karibu na Kasomeno, kwenye njia ya kwenda Kasenga. Baba aliuza samaki wa kukaushwa. Alinipeleka shule ya mapadri Élisabethville, na huko nilijifunza Kifaransa na mpira kwa pamoja. Tulicheza peku, tumefunga bandeji vifundoni. Padri wa hesabu alisema hajaona mtoto anayepiga krosi kama mimi, na alisema kweli. Nilipomaliza shule kampuni moja ya hapa mjini iliniajiri kama karani, ingawa kila mtu alijua umeajiriwa mguu. Nikamwoa Ngalula, binti wa watu wa Kasai, mshonaji wa nguo. Yeye mpira hakuupenda hata kidogo.

Vita vya wazungu vilipokwisha, tulifika fainali dhidi ya timu ya Jadotville. Tulipaswa kucheza kwao, kisha wao waje kwetu. Siku zile kila timu ilikuwa na mufumu wake, mganga wa dawa, hata timu za watu waliobatizwa. Wetu alimchanja kila mchezaji chale ndogo chini ya goti, akasugua unga mweusi, akafunga juu yake kitambaa chekundu. Sharti lilikuwa kwamba asifungue mtu, wala maji yasifike pale, mpaka mechi ya pili iishe. Akifungua mmoja, nguvu ya wote inatoka.

Jadotville tulitoka sare, na bao letu nililifunga mimi. Beki wao alikuwa amechoka kunikimbiza, akanipiga teke palepale kwenye chale. Nilirudi nyumbani mguu ukiwa na moto.

Siku zilizofuata uvimbe ulipanda mpaka kwenye paja. Usaha ulipenya kitambaa ukatiririka hadi kisigino, na mfupa uliuma kama unatobolewa. Kazini nilitetemeka kwa homa, nikawaambia wenzangu ni malaria. Nyumbani sikuweza kumdanganya mtu.

“Mugulu yako inanuka sawa samaki ya kuoza,” Ngalula aliniambia.

“Iko jasho tu.”

“Jasho! Miye niko na pua, baba. Fungula nione.”

“Hapana. Nikifungula, timu yote itaanguka.”

“Na weye, uko unasimama?”

Kapteni wetu, golikipa Kalenga, alikuja kunitazama. Hakupita mlangoni, na aliongea huku akiziba pua. “Ndugu, kaza roho. Ukifungula, shiye bote tunakufwa. Dimanche iko karibu.” Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa mechi ya pili. Nikakaza roho. Kufa sikukuogopa sana; niliogopa kuitwa mtu aliyeiangusha timu.

Ijumaa mchana nilianza kuongea ovyo. Yaliyofuata nimesimuliwa. Ngalula alichukua mkasi wake wa kushonea akakikata kitambaa. Usaha ulimrukia mkononi, na ndani ya kidonda akaona kitu cheupe, akajua ni mfupa. Alimwita jirani mwenye baiskeli. Wakaniketisha nyuma, yeye akitembea kando huku amenishika mgongo, mpaka hospitali ya watu weusi.

Nilipopata akili, daktari Mbelgiji alikuwa akizungumza na muuguzi juu ya kitanda changu. Hakujua kwamba ninamwelewa. Nilisikia neno kukata, na kwamba atakata juu ya goti. Nikamjibu kwa Kifaransa safi: “Daktari, mguu huu ndio kazi yangu. Jaribu kwanza kitu kingine.”

Alinitazama kwa mshangao, kisha akasema kuna dawa mpya imeanza kufika, penisilini. “Nitapasua na kukwangua mfupa. Homa isiposhuka kufikia Jumapili jioni, nitakata. Hapo hutaniomba tena.”

Wakapasua. Wakaacha mrija mwembamba wa mpira kwenye kidonda ili usaha utoke. Sindano zilinichoma matakoni mpaka nikashindwa kulala chali. Ngalula alinishikia kopo la mkojo. Jumamosi homa ilikuwa ileile, na muuguzi aliponipima alikwepa macho yangu.

Jumapili alasiri kelele za uwanjani zilifika hadi wodini. Mimi nilikuwa nautazama mguu, nikiwaza nitakuwa nani bila huo. Kisha jasho likaanza kunitoka, godoro likalowa. Muuguzi akapima, akatikisa kipimajoto, akapima tena. “Homa imeshuka,” alisema. “Kisu itarudi mu kabati.” Ngalula akaketi chini sakafuni na kulia.

Jioni timu ikaja na kombe. Walikuwa wameshinda bao moja kwa sifuri; ningekuwepo mimi yangekuwa matatu. Kalenga alijipiga kifua. “Munaona? Dawa ilibakia mu migulu yetu.”

Ngalula akamgeukia. “Tata Kalenga, muchezo imekwisha. Fungula ya kwako, tuone ile dawa.”

Wenzake wakamsukuma wakicheka. Akainama, akafungua. Chale ilikuwa imekauka zamani, na ngozi ilinukia sabuni.

“Bibi yangu anakatalaka buchafu mu kitanda,” alisema kwa sauti ya chini. “Alikuwa anafungula, anaosha, anafunga tena.”

Laiti ningeweza kusimama, ningempiga. Wengine walicheka, lakini wawili hawakucheka. Walifungua vitambaa vyao, miguu imeshaanza kuvimba, na muuguzi akawapeleka palepale kusafishwa.

Nilikaa hospitali mpaka mvua zikaisha. Vipande vya mfupa vilitoka kidondani kimoja kimoja, kama miba ya samaki. Goti lilikataa kukunjika, na Ngalula alilikunja kila asubuhi kwa maji ya moto huku mimi nikilia bila haya. Kutoka magongo nilikwenda kwenye fimbo, kutoka fimbo nikarudi uwanjani. Mbio za winga zilikuwa zimekwisha, nikawa beki, na beki mzuri. Kampuni haikunitaka tena. Nikacheza Kipushi, nikacheza Kolwezi, nikavuka mpaka Ndola, ambako mgodi mmoja ulinipa kazi na jezi. Wenzangu waliovuka nami walirudi na gramafoni. Mimi nilisoma jioni baada ya mazoezi, nikarudi na diploma. Mpira niliuacha hapahapa Élisabethville kwa sababu ya umri, wala si kwa sababu ya mguu.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule aliyekubali kungoja. Zaidi ninamshukuru mke wangu. Watu humwuliza kama hakuogopa kuiharibia timu, naye huwajibu: “Miye niliolewa na muntu, hapana na timu.”

Nanyi wachezaji, kama mmefungiwa kitu juu ya kidonda, kifungueni leo. Osheni, mtazame kilichomo. Kikinuka, nendeni hospitali mkiwa bado mnatembea.