Tope la Gotini pa Baba

Juzi, pale Lumemo, niliona kigari cha Kimarekani kilichotelekezwa, usukani kushoto, kuku wakitagia kitini. Puani ikanirudia harufu ya petroli na viti vilivyopigwa jua.

Nilipokuwa mtoto, kigari kama hicho kilikuwa kinauzwa Ifakara na mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Mama alikuwa ameshaketi kiti cha nyuma, amejikunyata ndani ya kanga, kifua kikikoroma. Baba alitaka kuacha kumpeleka hospitali kwa kumfunga kamba kwenye baiskeli.

"Injini nzima, na mafuta haili sana," mjomba alisema. "Ila vipuri tutavitoa wapi, shemeji?"

Baba aliinama, akaweka kiganja juu ya goti lake, pale tope la njia yetu ya Idete lilipokuwa limekaukia. Kisha akakipeleka kiganja hicho kwenye gari bila kukishusha. Kiligusa katikati ya mlango. Akabaki ameinamisha kichwa.

Nilidhani analibariki. Nikasema, "Amina."

Leo najua alikuwa anapima kina cha tope. Mama alijua palepale. Alifungua mlango, akashuka taratibu.

"Baba Neema," alisema, "lete baiskeli. Na ile kamba."