Pole za Eustadia

Mkutano mkuu wa kijiji kimoja cha Mabira, ulioitishwa kwa kufuata taratibu zote, uliazimia kuwa ni marufuku kwa mkazi yeyote kuchekelea matatizo ya mwenzake. Mwenyekiti, Bwana Elick, alilisoma azimio hilo akiwa amesimama, kisha akalirudia kwa Kinyambo, lugha ya nyumbani, asije akatokea wa kujitetea kwamba hakuelewa. Hakutaja jina. Watu wote waligeuka wakamtazama Eustadia.

Eustadia ni mjane, Mkatoliki asiyekosa misa, na migomba yake inaonewa wivu. Tatizo ni kwamba mwenzake akipatwa na jambo, yeye hunawiri. Hufika kutoa pole akiwa amebadilisha kitenge, na pole zake ni ndefu, zina maswali.

Juma lile alikuwa na jambo lake. Jumamosi wakwe wangekuja kumchukua binti yake Kemigisha, na huku wakwe hawapokelewi bila rubisi, pombe yetu ya ndizi. Alizifukia ndizi shimoni, akawasha moto mdomoni mwa shimo ili joto liziivishe. Moto huo hauachwi peke yake.

Ndipo akasikia kwamba bodaboda ya Leonidas imeingia kwenye tope pamoja na gunia la kahawa.

Alikwenda. Aliuliza maswali yote. Aliporudi, ndizi za upande mmoja zilikuwa mkaa, za upande mwingine mbichi vilevile, na muda wa kuanza upya haukuwepo. Kemigisha alimwona mama yake ameketi chini, hana la kuuliza.

Ijumaa asubuhi kijiji kizima kilikuwa njiani kwenda kwa Eustadia. Leonidas alisimamisha pikipiki uani, bado ina tope.

“Shikamoo, mama. Nimekuja kukupa pole.”

“Marahaba. Umekuja kucheka.”

“Vyote viwili. Ila nitue kwanza hili dumu, ni zito.”

Lilikuwa la rubisi. Nyuma yake jirani Joviana alikuja na kibuyu, na wengine vivyo hivyo, maana hakuna aendaye kwenye nyumba yenye matatizo mikono mitupu, hata anayekwenda kucheka. Jioni vyombo vilikosa pa kuwekwa. Kesho yake wakwe walikunywa, wakacheza, wakaisifu mikono ya mama wa bibi harusi. Eustadia aliwaletea ndizi moja ya mkaa kwenye sahani, akacheka mpaka akashikiliwa.

Azimio bado limebandikwa ofisini. Ijumaa ile Bwana Elick alifika kabla ya Leonidas, na kigoda chake, apate kuona vizuri.