Siku Nane Kabla ya Mei

Earlene Pegues alikuwa ameingoja Februari mwaka mzima, kama wanavyoingoja wanawake wote wa kiwanda cha kuku katika mji ule mdogo wa Mississippi. Mshahara wa kiwandani huishia kwenye chakula na umeme. Lakini Februari, mtu mwenye kazi ya ujira mdogo na mtoto wa kulea hurudishiwa na serikali fungu la maana kupitia kodi, na hapo ndipo breki za gari hutengenezwa na jino bovu hung'olewa. Miezi mingine yote jino huuma tu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini wangefanya nini?

Safari hii Earlene hakutaka breki wala jino. Alitaka binti yake, Kyndra, arudi chuoni kusomea uuguzi. Chuo kilikubali kumshikia nafasi hadi mwisho wa Machi, mradi karo iwe imelipwa.

Earlene alikuwa amesimama zaidi ya miaka ishirini akitenga nyama ya kuku na mifupa, hadi Aprili iliyopita mkono wa kulia ulipogoma kushika kisu. Akapasuliwa, akakaa nyumbani wiki kumi bila senti. Kyndra hakumwuliza mtu. Alifunga vitabu, akavaa aproni ya mama yake, akaenda kusimama pale pale. Kwa ajili hiyo hawakutolewa nyumbani.

Jumamosi moja ya Februari ukumbi wa kanisa ulijaa watu waliokuja kujaziwa fomu za kodi bure.

"Mimi nimekuja kumpokea mume wangu," alisema Odessa, jirani yake Earlene, kwenye foleni. "Huyu Serikali hakoromi, hana makelele. Ila ndiyo hivyo, anakuja mara moja kwa mwaka!"

"Na akija, halali hata usiku mmoja!" mwanamke mwingine akadakia.

Earlene alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa bado anacheka alipoketi mbele ya Mwalimu Hollis Weatherall, mstaafu aliyemfundisha hesabu utotoni na sasa akijaza fomu kwa kujitolea.

"Kyndra katimiza kumi na tisa, siyo?"

"Septemba, Mwalimu."

"Haya, chuo ndicho kitakachomfanya ahesabike mtoto wako kwenye kodi. Alisoma mwaka mzima?"

Mdomo huponza kichwa. Angejibu "ndiyo," mambo yangekwisha. Lakini mama gani mwenye binti kama yule angenyamaza?

"Mwaka mzima wapi! Mtoto wangu aliacha shule kwa ajili yangu, Mwalimu. Tarehe ishirini na tatu Aprili, siisahau. Nimelala na mkono umefungwa, akaniambia, 'Mama, pumzika, mimi naenda.' Kiwanda kizima kinajua! Nani ana mtoto kama huyo siku hizi?"

Mwalimu aliacha kuandika. Alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

"Earlene, akishafika kumi na tisa, sheria inataka awe amesoma miezi mitano ya mwaka. Januari hadi Aprili ni minne; Mei hata siku moja ingehesabiwa wa tano."

"Aliacha siku nane kabla."

"Naam. Kwa hiyo, kwa hesabu zao, wewe huna mtoto. Utapata dola mia mbili na kitu."

Mwaka uliotangulia alipata zaidi ya elfu nne.

"Andika mitano, Mwalimu. Nani atajua?"

"Umeshaniambia, binti yangu. Siwezi kuandika ninachojua si kweli. Na wakigundua, watakudai zote na faini juu."

Earlene hakumchukia. Alijichukia mwenyewe na ulimi wake. Lakini ni sheria gani hiyo inayomwadhibu mtoto kwa kumfaa mama yake? Angebaki na vitabu vyake siku nane zaidi, mama akatupiwa vyombo nje, leo angehesabiwa mtoto.

Alasiri Kyndra alirudi kutoka zamu, ananuka klorini na kuku. Hata koti hakuvua.

"Mama, wamesema zinaingia lini? Fomu ya chuo nimeshaijaza."

Earlene alimweleza yote, hata majigambo yake hakuyaficha. "Nimekuponza, mwanangu. Ni mimi na mdomo wangu."

"Ulikuwa unanisifia, Mama."

"Sifa zitakulipia karo?"

Kyndra aliichukua fomu mezani, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye droo ya vijiko.

"Jumatatu kiwandani wanaandikisha wafanyakazi wa kudumu," alisema. "Nitaandika jina. Usilie basi, Mama. Mbona mimi nimeshazoea?"

Hapo ndipo Earlene aliposhindwa kabisa kujizuia. Yeye kuzoea mahali pale kulimchukua miaka; mtoto wake ilimtosha miezi kumi.