Sentimita Nne za Upande wa Kushoto

Chuma kilichokuwa juu ya mlango wa chumba cha mama yangu, huko Tingi, kililalia ukuta sentimita kumi na tano upande wa kulia na sentimita nne upande wa kushoto. Najua kwa sababu nilikiweka mimi.

Sikusomea ufundi. Kazi yangu ni kupima ufuta ghalani, na ujenzi nimejifunza vitabuni, hasa katika kimoja kisicho na jalada nilichokinunua Lindi mjini, ambacho kurasa zake nimezishona upya kwa uzi wa gunia. Kinasema wazi kwamba linta, yaani kile kinachobeba ukuta juu ya mlango au dirisha, ilalie ukuta sentimita kumi na tano kila upande.

Nyumba ile aliijenga marehemu baba kwa mawe na udongo, na juu ya milango akalaza boriti za mkoko. Mchwa walizila. Nikaenda Nangurukuru, nikachomelesha linta mbili za chuma, nikazipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Ya dirisha la chumba cha mama iliingia bila shida. Siku ya pili, nilipokuwa nachokoa mawe upande wa kushoto wa mlango, nikakuta zindiko: kichupa kilichoviringishwa kitambaa cheusi, kimepachikwa kwenye kishimo kati ya mawe ili kuikinga nyumba na mabaya.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hilo usiliguse," akasema. "Baba yako aliliweka kabla hatujahamia."

"Sawa, mama."

Nikakikata chuma sentimita kumi na moja ili kiishie kando ya kishimo, nikapiga plasta juu yake. Kwenye daftari niliandika: "Kushoto 4. Kwa muda." Masika mawili yakapita. Kila nilipokwenda kumjulia hali niliitazama kwanza kona ile ya mlango, kisha uso wake.

Mwaka huu mvua ilipiga siku nyingi mfululizo na ukuta ukalowa. Asubuhi moja nilikuwa uani kwake, naye akaingia chumbani kubadili nguo, akafunga mlango. Alipotaka kutoka, mlango haukusogea.

"Mwanangu, njoo usukume. Umevimba kwa mvua."

Niliweka kiganja kwenye mbao bila kusukuma. Vipande vya plasta vilikuwa vimetapakaa sakafuni. Kutoka kona ya kushoto ufa ulipanda kwenda juu, kucha yangu ikaingia yote. Fremu ilikuwa imepinda katikati. Chuma kilikuwa kimeteleza kutoka kwenye zile sentimita nne, na sasa ukuta ulikalia mlango.

"Mama, ondoka hapo mlangoni. Kaa kitandani, upande wa dirisha."

"Nikae nifanye nini?"

"Kaa tu, mama."

Jirani yetu, mzee aliyejenga nusu ya nyumba za pale kijijini, alisikia sauti akaja na mtaimbo begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sogea, mlango huo unataka teke moja."

"Usiupige, mzee. Ndio unaobeba ukuta."

"Mlango ubebe ukuta? Na lile lichuma lako la Nangurukuru linabeba nini? Kitabu?"

Alikwishauinua mtaimbo. Nilitafuta namna ya kumzuia bila kusema kilichotokea, sikuiona. Mama alikuwa anasikia kila neno upande wa pili.

"Upande wa kushoto nilikilaza sentimita nne tu," nikasema. "Nililikwepa zindiko."

Mzee aliushusha mtaimbo. 

"Nne," akasema mzee. "Hata panya hajengi hivyo."

Ikabaki njia ya dirishani, nayo ilikuwa na nondo sita. Baba alizikaza mwenyewe baada ya wezi kuingia na kubeba ufuta wetu, na akajivunia kwamba hata paka hapiti. Umeme ulikuwa umekatika, hivyo mashine ya kukatia haikutufaa. Nikachukua msumeno wa chuma. Nilianza na nondo ya kwanza, polepole, kwa sababu kila nilipokaza mkono ukuta ulitetemeka.

"Udongo unamwagika huku," mama akasema.

"Mwingi?"

"Kama unga kwenye chekeche."

Nikapunguza mkono. Bapa la msumeno likakatika, nikafunga jingine. Mzee alimletea mama uji, akampitishia kikombe kati ya nondo.

"Nimekuwa mwizi wa mihogo," mama akasema, "nalishwa dirishani."

"Mwizi wa mihogo tungemwachia mlango wazi, shemeji, akimbie," mzee akajibu.

Mama hakucheka. Nilimwona ameukumbatia mto, macho yako mlangoni. Jiwe moja dogo lilidondoka, likabingirika mpaka miguuni pake. Akaipandisha miguu kitandani.

"Bado ngapi?" akaniuliza.

"Mbili."

"Ulisema mbili muda ule."

Nondo ya nne ilipoachia, akapita kinyumenyume, miguu ikitangulia, nami nikampokea. Kanga ilimvuka, mzee akageuka kutazama migomba mpaka alipojifunga vizuri. Kisha mzee akaingia kwa dirisha lile lile, nikampitishia mirunda, miti ya kuegemezea, tukaukinga ukuta yeye kwa ndani, mimi kwa nje. Ndipo mlango ukalegea.

Mama alikuja akasimama chini ya ufa. Hakuniuliza kuhusu mlango.

"Hicho chuma kinataka nafasi kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Akapima kwa mkono wake mwenyewe.

"Haifiki hata shubiri." Akaingiza vidole kwenye ufa, akaibandua plasta iliyolegea, akakitoa kichupa, kitambaa kimeoza. "Nilikwambia wewe usiliguse. Ungeniambia chuma kinakosa pa kulala, ningelitoa mwenyewe, nikalipandisha juu zaidi. Hukusema. Ulisema sawa, mama."

 Jambo hilo lilikuwa daftarini mwangu miaka miwili.

Nilichomelesha linta mpya. Inalala kumi na tano kulia, kumi na tano kushoto, na mzee aliipima kwa futi yake kabla sijapiga plasta. Zindiko liko juu yake, mahali alipopachagua mama. Mlango sasa unafunguka kwa kidole kimoja.

Lakini mama haufungi tena. Amelitwaa lile jiwe lililombingirikia, analiweka kizingitini kuuzuia, hata anapobadili nguo, na nondo nne nilizozikata amenikataza kuzirudisha. Nikienda Tingi bado natazama kwanza mlangoni. Jiwe huwa lipo.