Kutoka Pangani hadi Bugomora, Kumfuata Mwanakombo

Barua ilinifikia Pangani nikiwa juu ya jukwaa, napaka chokaa ukuta wa nyumba ya tajiri mmoja. Aliyeiandika ni binti yangu Mwanakombo, kwa mkono wake mwenyewe, nayo ilikuwa fupi: mume wake Saidi amefariki, eda imekwisha, yeye na mtoto ni wazima, tusihangaike. Mke wangu Bi Tatu aliisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Hilo la tusihangaike mimi sikulisikia. Nenda ukamlete."

Nami nilikuwa na sababu yangu ya kwenda, ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Mwanakombo alipata ndui akiwa na miaka saba. Alipona, lakini uso ulibaki na makovu, na alipokua hakuna kijana wa Pangani aliyekuja kuposa. Nilikuwa fundi mwashi mwenye jina, nimejenga misikiti miwili na nyumba nyingi za mawe, na kila harusi ya binti wa jirani ilinichoma. Siku alipokuja Saidi, mfanyabiashara wa bara, akasema anamtaka, nilimpa bila hata kuuliza Bugomora ni wapi. Miaka minane nilijiambia kwamba nimemwoza vyema. Barua ile ilipofika nikajua kwamba nilichotaka wakati ule ni kumwondoa machoni pa watu.

Basi niliacha ukuta wa tajiri nusu umepakwa. Nikavuka hadi Mombasa, nikapanda gari la moshi hadi Kisumu, na kutoka huko meli ikanivusha ziwa Nyanza. Nilimbeba Bi Tatu moyoni, na mkobani nilibeba mwiko wangu wa uashi, kwa kuwa sijawahi kusafiri bila mwiko.

Bukoba tulifika asubuhi. Lazima nikiri kwamba nilikwenda nikiwa na dharau ya mtu wa pwani. Kwangu mimi mji ulikuwa mawe, chokaa na boriti, na bahari mbele yake. Lakini pale meli ilipotia nanga niliona maji yasiyo na mwisho, na nyuma ya mchanga mlima wa mawe ulionyooka kama ukuta uliopigwa timazi. Chini yake palikuwa na boma la Wadachi, maduka machache yenye baraza, na migomba iliyopanda mlimani hadi macho yakachoka. Nilitazama lile jabali nikaona aibu kidogo. Hakuna mwashi aliyepata kujenga kitu kama kile.

Sokoni nilimpata mpagazi, mtu mzima jina lake Kaijage, mwenye miguu mirefu na maneno machache. Nilimwambia ninakwenda Bugomora.

"Bugomora ya Kyerwa? Mbali, waitu," alisema. Neno hilo waitu ndilo la heshima kwao, kama sisi tunavyosema bwana. "Siku nane. Wewe mzee utaweza?"

"Mimi ni Fundi Mbaraka wa Pangani," nilimjibu. "Natembea juu ya kuta tangu kabla hujazaliwa."

Alinitazama kwa adabu. Jina langu halikumwambia kitu.

Siku ya kwanza na ya pili tulitembea ndani ya migomba. Sijui nieleze vipi kwa mtu wa kwetu. Ni kama kutembea ndani ya nyumba moja kubwa ya kijani, na chini ya migomba kuna mibuni, na katikati ya mibuni ghafla unaona nyumba ya msonge, duara, iliyoezekwa kwa nyasi toka kileleni hadi ardhini. Nilisimama mbele ya moja nikaingiza mkono kwenye ezeko. Nyasi zilikuwa nene kama urefu wa mkono wangu, zimekatwa sawasawa kama ndevu zilizopita kwa kinyozi hodari. Mwenye nyumba alitoka akashangaa kumkuta mgeni anaipapasa nyumba yake, kisha akacheka, akaniletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kwao buni huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa, na mgeni hupewa kabla ya maneno.

Siku ya tatu tulivuka mto Ngono, maji meusi kati ya mafunjo marefu kuliko mtu. Tulipita kwa mtumbwi, mimi nimeshika mkoba kichwani. Baada ya hapo migomba ikaisha, ikaja mbuga tupu yenye swala na upepo.

Siku ya tano alfajiri tulianza kupanda kuingia Karagwe. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni kama maziwa kwenye bakuli, na vilele vya vilima vimechomoza juu yake, kimoja nyuma ya kingine. Nilikuwa nimeanza kutetemeka tangu mtoni, nikadhani ni baridi ya mlima. Tulipofika juu sikuona tena njia. Nakumbuka Kaijage akinishika kwapani, na sauti ya ng'ombe wenye pembe ndefu, basi.

Nilipopata fahamu nilikuwa Chonyonyo, ndani ya msonge, juu ya majani makavu yaliyotandikwa vizuri na kufunikwa mkeka. Mwanamke wa makamo alikuwa ananinywesha uji. Aliitwa Mama Koku.

"Homa imekutoka," alisema kwa Kiswahili cha taratibu. "Siku mbili ulikuwa unaita mtu. Mwanakombo. Nani Mwanakombo?"

"Binti yangu. Yuko Bugomora. Mume wake alikuwa Saidi, mwenye duka. Ana mtoto aitwaye Salma."

Mama Koku aliweka kibuyu chini. Alitoka nje, nikamsikia akiita kwa Kinyambo, lugha ya huko, na mara akaingia mwanamume mpana wa mabega. Nilipomwona uso nilishtuka. Ulikuwa na makovu kama ya mwanangu, ila yake yalikuwa mapya zaidi. Alipiga magoti mbele ya mkeka wangu, mtu mzima yule, akanishika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye baba wa Mama Salma?"

"Ndimi."

"Mimi naitwa Barongo, wa hapa Chonyonyo. Nilikuwa mpagazi katika msafara. Tulipofika Bugomora ndui ikatupata, mkubwa wa msafara akatuacha njiani, akaenda. Watu walitukimbia. Ilikuwa haki yao, wana watoto. Mama Salma akaja peke yake. Akasema, 'Mimi nilishaugua, ndui hainijui tena.' Akatujengea kibanda nje ya mji. Akatuosha, akatulisha. Mume wake alikuwa anatuletea chakula na maji, anaviacha mbali. Lakini siku moja mwenzetu alianguka njiani, Bwana Saidi akambeba. Ndivyo alivyoipata. Yeye alikufa. Sisi wengi tulipona. Na baada ya kumzika mumewe, alirudi kibandani kutuangalia."

Katika barua binti yangu hakuandika hata moja ya hayo.

Kaijage alirudi kwao Bukoba, kwa maana Barongo alikataa kabisa mzigo wangu ubebwe na mtu mwingine. Siku ya nane tulitoka Chonyonyo. Mji ule ni mdogo, lakini nitausifu kwa haki: uko juu ya mgongo wa kilima, migomba yake imepaliwa kama bustani, na kuta za nyumba za wafanyabiashara zimesiribwa kwa udongo mwekundu laini hata mimi nilizipitishia kiganja nisipate kosa.

Kutoka hapo hadi Kyerwa ni vilima tu, na kila tulipopumzika Barongo alitangulia kusema mimi ni nani. Sikuhitaji kulitaja jina langu. Huyu alileta ndizi za kuchoma, yule maziwa, mwingine alitusindikiza hadi bonde la pili. Nimepokea heshima nyingi maishani kwa kazi ya mikono yangu, lakini njia ile nilikuwa natembea kifua mbele kwa kazi ya mtu mwingine.

Siku ya kumi na moja mchana tuliuona mto Kagera chini, mpana, wa rangi ya udongo, na ng'ambo yake milima ya Nkole. Upande wetu palikuwa na safu mbili za nyumba zenye baraza, msikiti mdogo wa miti na udongo, na soko chini ya mvule. Hiyo ndiyo Bugomora. Mwanakombo alikuwa sokoni anampimia mwanamke mmoja kitambaa. Aliponiona, mkono ulibaki hewani.

"Shikamoo, baba," alisema hatimaye, na ndipo akalia.

Salma alijificha nyuma ya kanga ya mama yake, akauliza kitu kwa Kinyambo. "Anauliza kama babu huyu ni wetu," Mwanakombo alinieleza. Nikasema, mwambie ni wake.

Jioni, baada ya kula, nilimwambia kilichonileta. Aliinamisha kichwa.

"Baba, mume wangu amefariki, na wewe ndiwe mwenye amri juu yangu. Ukisema twende nitafunga mizigo, sitakuvunjia heshima. Ninaomba kitu kimoja. Kaa kwanza siku saba, uone, ndipo useme."

Nilikaa. Niliona watu wa Rugu na wa mbali zaidi wakija sokoni na kahawa na kunde, wakimaliza biashara wakaingia kwake kumsalimu tu. Niliona wanawake wakimletea watoto wenye homa. Niliona jinsi alivyojibu Kinyambo kwa haraka na kwa kicheko, mtoto wangu ambaye Pangani alizoea kutembea ameuvuta ushungi hadi puani. Hapa uso wake ulikuwa wazi.

Siku ya sita nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa tunamenya ndizi nyuma ya nyumba.

"Mwanakombo, siku nilipokuoza sikuuliza Saidi ni mtu gani. Nilitaka uende mbali. Niliona haya."

Kisu chake hakikusimama. "Nilijua, baba."

"Ulijua?"

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, si mtoto. Nilikuja nikiwa na hasira nawe njia nzima, tangu Pangani hadi hapa. Kisha Saidi akawa mtu mwema." Aliitupa ndizi chunguni, akachukua nyingine. "Hasira iliisha yenyewe. Mimi sijui hata iliisha lini. Lakini nafurahi umesema."

Niliomba radhi, naye akanipa. Tulimenya ndizi zilizobaki, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kama wa kijana.

Siku ya saba, baada ya sala ya alfajiri, alikuja kusimama mbele yangu kusikia neno langu. Barongo naye alikuwa hapo, na majirani kadhaa waliojifanya wana shughuli zao karibu na baraza.

"Nitarudi peke yangu," nilisema. "Lakini kwanza nionyesheni mawe yako wapi. Kile kibanda cha wagonjwa kimeoza, nimekiona. Mtu aliyetupwa na msafara asilale mvuani."

Hapo ndipo nilipopata somo la uzeeni. Mawe yalikuwepo, mekundu, tele kilimani. Chokaa haikuwepo. Nilijenga ukuta wa kwanza kwa udongo wa kawaida, kwa kiburi changu, mvua moja ikaushusha wote. Watu walinitazama kimya, hawakutaka kuniaibisha. Mwishowe bibi mmoja mfinyanzi alinishika mkono, akanipeleka kwenye kichuguu, akavunja kipande, akakiloweka na kukikanda mbele yangu. Udongo wa mchwa ukikauka unashika kama umezaliwa na jiwe. Miaka arobaini ya uashi, na hilo sikulijua. Nilimwita bibi yule fundi, nikamwomba asimame nami hadi mwisho, naye akasimama.

Tulijenga muda wa miezi mitatu. Barongo alibeba mawe, wanaume wa mjini wakaezeka kwa nyasi kwa namna yao, maana katika hilo mimi ni mwanafunzi. Nyumba ina vyumba viwili, dirisha linaloelekea mtoni, na ukuta ambao nimeupiga timazi mwenyewe. Kabla ya kuondoka nililala ndani yake nusu siku wakati mvua kubwa inanyesha, nisikie kama inavuja. Haikuvuja.

Siku ya kuagana Mwanakombo alinisindikiza hadi kilima cha kwanza, Salma mgongoni. Ilikuwa siku ya soko, kwa hiyo hakukaa sana. Aliubusu mkono wangu, akageuka, akashuka haraka kwa watu wake. Nilimtazama hadi akaingia sokoni, nikaanza njia.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Kyerwa walinipa asali, Chonyonyo nililala kwa Mama Koku nikiwa mzima, na Bukoba nilingoja meli siku nne nikitazama lile jabali bila wivu.

Nawaandikia wenzangu wa pwani mjue hili. Bara kuna miji. Ni midogo, mingine ina nyumba chache tu, na hakuna hata mmoja wenye ukuta wa chokaa. Mimi nilidhani mji ni kitu kinachojengwa na waashi. Nimeona kwamba unaanza pale mtu anapomkaribisha mgonjwa wa watu wengine, na kuta hufuata baadaye. Na ninajivuna, nalisema wazi, kwamba mmoja wa miji hiyo umeshikwa na binti wa Pangani.

Nilipofika nyumbani peke yangu, Bi Tatu alitazama nyuma yangu, uchochoro mzima, kisha akakaa chini kwenye baraza. Nilimsimulia yote, kuanzia Nyanza, mji kwa mji, kilima kwa kilima, hadi yule mtoto anayeongea Kinyambo. Alilia, akafuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akauliza kile kilima cha kuingilia Karagwe kina mwinuko gani, na kama mtu wa umri wake akipumzika mara kwa mara anaweza kukipanda.