Shule Niliyoichagua kwa Sababu ya Tai

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kijana wa kutafuta shule ya ufundi wa mabomba, nilizunguka Nakuru na baba nikaona vyuo viwili, nikachagua kile kibaya. Nimeona hizo karatasi za vyuo ulizoweka mezani, ndiyo maana nimekuita tukae kidogo.

Chuo cha kwanza kilikuwa upande wa mtaa wa Free Area, uwanja wake matope matupu. Mwalimu alivaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, akiwafokea wanafunzi wasifukie mtaro kabla maji hayajakaa ndani ya bomba siku nzima ionekane kama linavuja. Nilimcheka. Cha pili kilikuwa ghorofani katikati ya mji, na wanafunzi walivaa tai. Mimi mtoto wa kijijini Olenguruone nikajiona tayari niko kanisani na tai yangu, watu wakigeuka kunitazama.

"Sasa hapa juu, hayo mabomba wanafungia wapi?" baba akauliza.

Nikamjibu kwamba siku hizi ufundi husomwa ubaoni. Akaniacha nichague, maana hakuwa mtu wa kubishana.

Nilirudi nyumbani na cheti. Mama alikuwa amebeba maji mgongoni tangu aolewe, kutoka chemchemi ya kule kilimani, nami nikamwahidi kuyateremsha kwa bomba hadi kwenye mfereji wa kufungulia mlangoni. Alifurahi mno, akawaalika kina mama wa kanisa waje kuuombea. Siku ilipokaribia nikafukia mtaro wa bomba mbiombio, bila kujaribu maji.

Mchungaji akaomba, mama akafungua. Mfereji ulikohoa, ukatema tope, ukakauka. Viungo vilikuwa vimeachana chini ya udongo, maji yote yakaishia kwenye kabichi. Mama mwenyewe ndiye aliyeanzisha wimbo, ili watu waache kunitazama. Wageni walipoondoka akachukua mtungi wake.

"Wacha tu, kijana yangu. Hata ya huko juu ni maji."

Aibu ilinipeleka Mau Narok kuchimba viazi vya watu, halafu nikajikaza nikaenda kwa yule mwalimu wa gambuti kuanza upya. Nilikuwa huko niliposikia kwamba mama ameteleza kwenye njia ya chemchemi, na amefariki. Niliurekebisha mfereji wiki ya matanga. Maji yalitoka vizuri kabisa, yakaosha vyombo vya waombolezaji. Mpaka leo nikisikia maji yakianza kutoka, roho inaniuma.

Kwa hivyo, mwanangu, usichague kwa picha. Nenda mwenyewe siku ya kazi, uombe kuonyeshwa mabomba waliyofunga wanafunzi, ufungulie maji, usubiri uone kama yanavuja. Ukikuta karakana kavu na hakuna mwanafunzi aliyelowa, shukuru uondoke. Na mwalimu aliyechafuka matope akikuambia neno, usimcheke kama mimi.

Mungu aibariki mikono yako. Na yule utakayemwekea mfereji wa kwanza, Mungu amweke hai aufungue mwenyewe, anywe.