Nyuma ya Shuka la Sinema

Sinema yangu ya kwanza niliitazama kwa nyuma. Gari la serikali lilikuja kijijini kwetu, kijiji cha ujamaa huku Lindi, wakafunga shuka jeupe kati ya minazi miwili. Wanaume wakakaa mbele, penye mashine. Sisi wanawake tukakaa upande wa pili, maana picha ilipenya shuka, na kuchanganyika gizani ilikuwa aibu.

Kando yangu alikaa mke mwenzangu. Alikuwa na miaka miwili tangu aolewe, na mimi niliapa kwamba tangu siku ile mume wetu hajacheka nami. Vitu alitugawia sawasawa, kanga doti kwa doti, rangi moja. Lakini kicheko, je, kinagawiwa? Nilikuwa nimekwishajisemea: nikiona jambo moja tu zaidi, narudi kwetu Kilwa.

Basi wakaonyesha shamba letu la korosho, walilolipiga picha msimu uliopita. Watu wakapiga kelele, "Yule mjomba! Yule shangazi!" Mara nikamwona mume wetu. Mbele yake mwanamke ameinama, ametupa mgongo, kavaa kanga ile ile yetu, anaokota korosho kwa mkono wa kushoto. Na mke mwenzangu ni mashoto. Mume wetu akamtoa mdudu shingoni, taratibu, kisha wakacheka wote wawili.

Weee!

"Hongera, bi mdogo," nikamwambia. "Hata sinema imekuona. Kesho mimi siko hapa, kula raha zako."

Nikamgeukia nimwongeze maneno, nikakuta analia.

"Yule ni wewe, bi mkubwa," akasema. "Huku nyuma picha imegeuka, kulia kumekuwa kushoto. Mimi nakwenda kisomo cha watu wazima, nimeona herufi zote za pale kwenye shuka zimepinduka. Na siku ile ya kupigwa picha nilibaki nyumbani na homa, umesahau?" Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mimi hajanitoa hata sisimizi."

Kweli nilisahau. Wivu ulikuwa umenifutia siku ile yote, na kicheko chake.

Ningemshika mkono mtoto wa watu, ningempa pole. Wapi! Nilikaa nikamsikiliza akilia, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ukafurahi.